Mwaka Mama Alipoacha Utani

Shija alikuja asubuhi, kabla sijamaliza kufagia uwanja, akasimama nje ya uzio wetu hapa Mkuza ameshika kofia mkononi. Jirani hakujii saa hizo akavua kofia kwa jambo jema. Nikamkaribisha barazani, akakataa kiti. "Dada, baba ametutoka," alisema. Nikampa pole, nikamshika bega, na papo hapo nikaanza kuwaza nitamwambiaje mama, aliyekuwa chumbani akisubiri uji wake. Lakini Shija alikuwa bado hajamaliza. Alitupa jicho kwenye dirisha la mama, akashusha sauti. "Ameacha neno. Alisema tukija kuwapa taarifa tusiwaombe mje kumlilia. Alisema mama, Bi Mwanahawa, aje amtukane."

Sina haja ya kueleza utani wa Wazaramo na Wanyamwezi kwa mtu aliyekulia nchi hii. Mtani anakunyang'anya mboga sahanini, anakuita majina ambayo adui hathubutu, anakuja msibani kwako kukucheka hata jenezani, na ukinuna mwenye kosa ni wewe. Ninachotaka kusema ni kwamba mama yangu na Mzee Mihayo, baba yake Shija, walitaniana tangu kabla sijapata akili, na kwamba utani huo ulikatika mwaka ule baraza la ardhi lilipokuja Kisarawe, na aliyeukata ni mama. Hakumgombeza wala hakumfungia mlango. Alianza kumheshimu. Tangu siku hiyo hadi anakufa, Mzee Mihayo aliishi akisalimiwa vizuri na mama yangu, na naamini heshima hiyo ilimtesa kuliko maradhi yaliyomuua.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimerudi kwa mama baada ya ndoa ya kwanza ambayo haistahili wino. Tulipanga vyumba viwili pembezoni mwa mji wa Kisarawe. Chumba cha mbele kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, meza yenye mguu mfupi uliowekewa jiwe, na dirisha ambalo mama alikuwa amelitundikia kipande cha kanga. Humo ndimo tulimokula, tulimopokea wageni na ndimo kesi yetu ilimoandaliwa. Mama hakupata kukiita chumba kile nyumbani. Kwao palikuwa Mikoleni, na Mikoleni ilikuwa imechukuliwa zamani, mimi nikiwa mtoto, kufanywa shamba kubwa la ng'ombe. Hatukulipwa chochote, kwa sababu makaratasi ya shamba yalisema pale palikuwa pori tupu. Miaka yote hiyo watu wa Mikoleni walikuwa wakisambaa kama kuku waliofumaniwa na mwewe, huyu Mlandizi, huyu Dutumi, huyu kwa mkwewe, mpaka tukasikia kuna sheria mpya imepitishwa, na kwamba baraza maalumu litapita wilayani kusikiliza malalamiko ya zamani ya ardhi na kurekebisha dhuluma. Neno hilo ndilo lililotumika. Mama alinifanya nilirudie mara kadhaa, akilitafuna kama mtu anayeonja mchuzi kujua chumvi.

Wakili wetu aliitwa Neema, msichana aliyenizidi miaka michache tu, aliyekuja bila malipo kutoka chama kimoja cha msaada wa kisheria. Aliketi nasi mkekani, akala bada, ugali wetu wa muhogo, na kisamvu bila kuchagua, na mama akampenda kwa hilo. Alitueleza kwamba kesi yote ilisimama juu ya swali moja. Siku shamba lilipoanzishwa, je, pale Mikoleni palikuwa na watu? Ikithibitika palikuwa na watu, sheria inawatambua, na ardhi inaweza kurudi au watapewa nyingine. Kama hapakuwa na watu, hakuna dhuluma ya kurekebisha. Mama aliweka tonge chini. "Swali gani hilo, mwanangu? Mie nilikuwa nani kule, mbuzi?" Neema alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema Wazaramo wote wa Mikoleni wakisimama wakaapa, upande wa pili utasema hao wanadai shamba, watakosaje kusema waliishi pale. Hatukuwa na hati wala picha. Makaburi ya wazee wetu yalikuwa yamelimwa pamoja na pori. "Nipateni mtu asiye Mzaramo," alisema. "Mtu aliyeona kwa macho, na ambaye hana anachodai." Mama hakufikiri hata kidogo. "Yupo," alisema. "Tena mpagazi, Mnyamwezi wangu."

Mzee Mihayo ndiye aliyekuwa dereva wa trekta la shamba lile tangu siku ya kwanza. Kabla nyumba hazijavunjwa alikaa Mikoleni miezi kadhaa akisubiri amri, na hakuwa na pa kula isipokuwa kwetu. Siku yenyewe alibeba vyombo vya watu kwenye tela lake, vitanda, vinu, milango iliyong'olewa, nami nikiwa juu ya mzigo nimekumbatia kuku. Shamba lilipomwachisha kazi akahamia Mlandizi, akawa fundi wa pampu za maji. Alipopata salamu zetu alikuja siku iyo hiyo. Kwa muda wote wa kesi alilala kwenye kile kitanda cha kamba, nasi tukabanana chumba cha nyuma, na sijapata kuishi tena katika nyumba yenye kelele na raha namna ile. Asubuhi mama alimgongea mlango: "Mnyamwezi, amka, msafara umeondoka, mizigo imebaki!" Naye kutoka ndani: "Nimelala njaa mimi. Nyumba ya Mzaramo ngoma zipo, chakula hakipo." Mama akimpakulia samaki alimpa mkia, akisema kichwa kina akili na yeye hazijamzoea. Akimaliza kula alisifu kwamba chakula hakikuua mtu leo. Wakili Neema alikuwa akija na karatasi zake kumwandaa, na kila alipomuuliza swali, mama alijibu kabla yake kwa matusi, na yeye akarudisha, na binti wa watu akashika kichwa. "Mzee, barazani utajibu vizuri?" aliuliza. "Barazani si kutakuwa na heshima zake?" alisema Mzee Mihayo. "Niachieni mimi." Na sote tulimwachia.

Baraza lilikaa katika ukumbi mmoja mjini, wenye viti vya plastiki na feni moja iliyokuwa ikizunguka inapojisikia. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mtu mzima mwenye miwani minene na sauti ya upole, na pembeni yake walikaa wajumbe wawili na karani. Watu wa Mikoleni walijaa mpaka nje, wamevaa nguo zao za Idi. Mama aliketi kiti cha mbele, kanga mpya, mgongo umenyooka. Mzee Mihayo alipoitwa, ilibidi apite mbele yake, na mama, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwacha mtani wake apite bure mbele ya umati, alisema kwa sauti ya kusikika: "Jamani mpisheni mpagazi, mzigo wa leo mzito." Watu wakacheka. Hata mwenyekiti akatabasamu. Mzee Mihayo aliapa, akaketi, na Wakili Neema akamuuliza swali lile ambalo walikuwa wamelifanyia mazoezi mpaka mimi nikaliota. "Mzee, ulipofika Mikoleni na trekta kwa mara ya kwanza, ulikuta watu?"

Yeye hakumtazama wakili. Alimgeukia mama, na nikaliona lile tabasamu la mezani likipanda usoni kwake. "Watu?" alisema. "Watu hapakuwa nao, mheshimiwa. Palikuwa na Wazaramo tu."

Ukumbi ulilipuka. Wazee walipiga mapaja. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga, akawa anamnyooshea kidole, "Mwoneni, mwoneni huyu!" Kwa kicheko kile, naapa, tulikuwa tumeshinda kesi, tulihisi tumerudi Mikoleni, tumekaa uwanjani, mgeni wetu ananogesha. Mwenyekiti naye alicheka. Alivua miwani akaipangusa. Narudia jambo hili kwa makusudi, kwa sababu baadaye watu walijaribu kuniambia kwamba huenda hakuelewa. Alicheka, nami nilimwona. Karani alicheka huku anaandika.

Baada ya hapo Mzee Mihayo alitoa ushahidi wa mtu mwenye akili zake. Alizitaja nyumba na wenyewe, mlango wa nani ulitazama wapi, kisima kilichokuwa na ukingo wa magogo, msikiti wa udongo, makaburi chini ya mikole. Alisema, "Vitanda vya watu hawa nilivibeba mimi. Huyu binti nilimbeba mimi," akanionyesha, nami nikasimama bila kuambiwa. Wakili wa shamba alipopewa nafasi hakupandisha sauti hata mara moja. Alikuwa kijana wa suti, mwenye adabu zote. Alianza kwa kumwamkia.

"Mzee, umeapa kusema kweli?"

"Nimeapa."

"Ulipoulizwa kama ulikuta watu, ulijibu nini?"

"Ule ulikuwa utani, mwanangu."

"Ndani ya kiapo?"

"Utani tu. Hata wewe kwenu una watani."

"Ninao, mzee wangu. Lakini nisaidie. Baraza litajuaje lipi katika maneno yako ni utani, na lipi si utani?"

Mzee Mihayo akamtazama mama, kama vile tulivyozoea kumtazama yeye mtu akishindwa kujibu mezani, ili apokee aendeleze. Lakini pale haruhusiwi mtu kusema bila kuitwa. Wakili Neema aliinuka kueleza habari ya utani, uso umemwiva, na mwenyekiti akamkatiza kwa upole ule ule. "Imeandikwa, wakili. Endelea." Neema akaomba basi baraza liende Mikoleni kwenyewe likaone minazi na mikorosho iliyosalia, maana nazi hazipandwi na nyani. Wakasema njia ina matope, gari litakwama.

Mchana tulikula sote kwa mamantilie nyuma ya ukumbi, maana hapakuwa na pengine. Wadai, wajumbe, mawakili wa pande zote mbili, wali na samaki wa aina moja. Nilikuwa kwenye foleni ya maji ya kunawa, nyuma ya benchi la wajumbe. Mwenyekiti alikuwa anawasimulia wenzake jinsi watani walivyoficha kifuniko cha jeneza msibani kwa baba yake, wakakataa kukitoa mpaka wafiwa wacheke. Alisimulia vizuri, mwenyewe akitoa mwiba wa samaki mdomoni kwa kucheka. Kisha mjumbe mmoja akasema, bila hata kunong'ona, "Lakini tukiwapa hawa, kila shamba nchi hii litakuwa na Mikoleni yake." Mwenyekiti akamsogezea bakuli la pilipili. "Kula," alisema, "chakula kinapoa." Ninajua watu waliosomea sheria ambao wakinisikia husema baraza lile lilifungwa mikono na ushahidi. Mimi nilisimama pale maji yakinidondoka vidoleni, na najua walikuwa wakitafuta kamba, na kamba wakapewa bure.

Uamuzi ulisomwa miezi baadaye, mvua ikipiga bati hata ikabidi mwenyekiti apaze sauti. Alisema mengi kuhusu umuhimu wa taifa kutazama yaliyopita kwa ujasiri. Alitusifu kwa utulivu wetu. Kisha akafika pale: kwamba shahidi muhimu wa wadai wenyewe, mtu huru asiye na masilahi, alikiri chini ya kiapo na bila kushurutishwa kuwa hapakuwa na watu, na kwamba maelezo yake ya baadaye yanapingana na kauli hiyo. Madai yakatupwa. Rufaa hapana, kwa kuwa sheria iliyounda baraza haikuiweka, na baraza lenyewe lilikuwa linavunjwa. Mnyonge hana haki, wahenga walishasema, ila hawakusema kwamba siku hizi atanyimwa kwa lugha nzuri na kushukuriwa kwa kufika. Kiswahili kile cha kiserikali kilimpita mama. Alinigusa goti. "Wamesemaje?" Nikamwambia, "Wamesema hatukuwepo." Sikuweza kuikwepa sentensi hiyo, maana ndiyo hasa waliyosema.

Mzee Mihayo hakuwa ameingia ndani. Alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha nje, mvua inamrukia miguuni, na alipotuona tunatoka alijua. Watu wa Mikoleni walimpita wakitazama chini. Nilidhani mama atamrukia, na nadhani hata yeye alilitumaini hilo. Alijiweka kabisa mbele yake, mikono imelegea. Kama angemwambia mpagazi mjinga umetumaliza, umeangusha mzigo, wangelia pale na yangekwisha. Mama alisimama, akaivuta kanga yake vizuri kichwani, akapiga goti kidogo. "Shikamoo kaka," alisema.

Mzee Mihayo alirudi nyuma hatua moja. "Mwanahawa, usinifanyie hivyo."

"Ahsante kwa kuja kututolea ushahidi. Mungu akulipe. Uwasalimie nyumbani."

Akaondoka kwenye mvua. Jioni ile Mzee Mihayo alikuja kuchukua begi lake, na mama alimwandalia chai, akampa kipande cha kati cha samaki, kile kinono. Mzee alikitazama muda mrefu. Akala huku machozi yanamtoka, na mama akamuuliza kama chumvi inatosha.

Nimeishi na hasira za mwaka ule kuliko nilivyoishi na mume yeyote. Sikumlaumu Mzee Mihayo. Alifanya alichofundishwa tangu utoto, kwamba huwezi kumtaja mtani wako mbele ya watu kwa maneno makavu, ni kama kumkana. Simlaumu mama kwa kumchokoza. Wote wawili walikosea jambo moja, walidhani ule ukumbi ni mkutano wa watu. Nawalaumu waliocheka nasi, kisha wakatuandikia kicheko chetu kama ungamo. Nikisikia redioni mabingwa wakieleza jinsi sheria inavyoweza kuponya majeraha ya zamani, nazima. Yetu ililipasua jeraha, ikachungulia, ikasema haioni kitu, ikaenda zake.

Niliolewa tena, nikahamia hapa Mkuza, mama nikamleta. Mzee Mihayo naye alijenga kichumba mtaa wa pili, kwa mwanawe Shija, na sidhani kama ilikuwa bahati. Alikuwa akija akiwa na kuku au boga mkononi. "Nimekuletea kuku," alimwambia mama siku moja, akisimama mlangoni kama mtoto anayeomba kuingia mchezoni, "maana Mzaramo hajui kufuga, anajua kukata kiuno tu." Mama alimpokea kuku kwa mikono miwili. "Ahsante sana kaka. Mungu akuzidishie." Nikiwa peke yangu na mama nilimwambia amwonee huruma. Alisema, "Nilimtania siku moja, nikalala bila kwetu. Utani gani tena?"

Shamba lile nalo lilikufa. Ng'ombe waliisha, mabati yakaibwa, na sasa Mikoleni inakatwa viwanja. Nilikwenda kuona mwaka juzi, sikumwambia mama. Dalali kijana alinitembeza akinisifia ardhi. "Hapa udongo poa sana, mama. Si unaona ile minazi? Hapa zamani palikuwa kijiji, watu walikaa kabisa." Nilimwuliza amejuaje. Akanicheka. "Mama naye! Si inaonekana tu?"

Basi asubuhi ile Shija alipoondoka niliingia chumbani, nikamwambia mama taarifa yote, na lile neno la marehemu pia. Alikunywa uji wake wote. Kisha akasema nimpe kanga. Msibani aliketi na wanawake, akatoa pole kwa kila mtu jina kwa jina, hakusema kingine. Wazaramo wachache tuliokuwepo tulitazamana, maana msiba wa Mnyamwezi usio na mtani wa kuuvuruga unakuwa baridi, na Shija alikuwa kila mara anageuza shingo kumtazama mama, kisha anaangalia pembeni. Hivyo hivyo mpaka makaburini. Katekista alikuwa amemaliza sala na vijana wameshika kamba washushe jeneza, mama aliponibana mkono. Alisogea mpaka ukingoni, fimbo ikizama kwenye udongo mbichi.

"Subirini," alisema. "Mnamzika nani humo?"

Shija akasema, taratibu, "Baba yetu, mama."

"Baba yenu ni mtu?" Mama aliinama akachungulia jeneza, akapekua kwa macho huku na huku. "Mie sioni mtu. Namwona Mnyamwezi tu."

Mzee mmoja nyuma alicheka kwanza, halafu wengine, halafu wote, katekista na kitabu chake, wale vijana na kamba mikononi, na Shija alicheka mpaka akakaa juu ya fungu la udongo, akafunika uso kwa kofia yake. Mama peke yake hakucheka. Alibaki akitazama shimoni wakati wanashusha, na alipomaliza kutupa udongo wake nikamshika tukaanza kurudi nyumbani polepole.

Tulipofika karibu na uzio wetu alisimama kupumua. "Na mie nikifa," aliuliza, "nani atanitukana?"

Nikamwambia Shija yupo, naye ni mtani, atakuja. Mama alitikisa kichwa.

"Shija namjua, mtoto mzuri. Lakini yeye kanikuta hapa hapa, kwenye nyumba ya mkwe wangu. Aliyeniona kwetu ni yule tuliyemfukia."